Ulimwengu wa Kubuni na Uchambuzi wa Ushahidi

Je, Sargeras ndiye aliyewapotosha Eredar, ama Eredar ndio waliompotosha Sargeras? Kwa mtu asiyejua michezo ya kompyuta, swali hili halina kichwa wala miguu. Sargeras hakupata kuishi popote, na taifa la Eredar halimo katika ramani yoyote ya dunia. Hata hivyo, kwa miaka mingi wapenzi wa mchezo mmoja wamelijadili swali hilo kwa bidii kubwa. Hunukuu vitabu, hulinganisha miaka ya kuchapishwa kwake, na humkosoa kila anayetoa dai lisilo na ushahidi.

Mjadala wa namna hii wastahili kuangaliwa na walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Ndani yake mna kazi ambayo kila mtaalamu huifanya, nayo ni kupima habari zinazopingana na kuamua ipi iaminiwe na kwa kiasi gani. Makala haya yanaeleza jinsi wapenzi hao wanavyoifanya kazi hiyo, na mahali ambapo mfano wao unafikia mwisho.

Asili ya michezo hii

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu ya mchezo ulioitwa MUD. Mwenzake, Richard Bartle, aliuendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika amri fupi, na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Jambo jipya lilikuwa kwamba watu kadhaa waliweza kuwamo katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, wakakutana na kusemezana.

Mwaka 1996 Bartle alieleza aina nne za wachezaji: wanaotafuta ushindi na mali, wanaopenda kuchunguza, wanaopenda maongezi na wenzao, na wanaofurahia kuwashambulia wengine. Watu wanaojadili habari za kale za mchezo, yaani visakale vyake, wana tabia ya aina mbili za katikati. Huchunguza, kisha huongea juu ya walichokiona.

Miongoni mwa michezo iliyotokana na mbegu hiyo, World of Warcraft ni mmojawapo wa ile iliyopata wachezaji wengi mno. Ulitolewa mwezi Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani. Mwezi Oktoba 2010 kampuni hiyo ilitangaza kwamba waliojiandikisha kuucheza walikuwa wamezidi milioni 12. Ulimwengu wake huitwa Azeroth. Una wafalme, wachawi, mazimwi na mataifa yenye uhasama wa miaka mingi, na hadithi yake ilikwisha kuanza katika mchezo mwingine wa kampuni hiyo hiyo uliotolewa mwaka 1994.

Daraja za ushahidi

Visakale vya Azeroth havikuandikwa katika kitabu kimoja. Vimetawanyika katika maneno ya wahusika ambao mchezaji hukutana nao njiani, katika vitabu vilivyowekwa juu ya rafu ndani ya mchezo wenyewe, katika vijitabu vya maelezo, katika riwaya, na katika majibu ambayo watungaji huyatoa mbele ya wapenzi. Kwa kuwa vyanzo hivi vilitungwa na watu mbalimbali kwa muda mrefu, haikosi vingine kupingana.

Kwa sababu hiyo wapenzi walianza kuweka kumbukumbu. Kamusi elezo yao iitwayo WoWWiki ilianzishwa katika mtandao mwezi ule ule wa Novemba 2004. Desturi ya kazi hiyo ni kwamba habari ya mhusika huandamana na mahali ilipotoka, ili msomaji aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe. Aidha, vyanzo vilipangwa kwa daraja. Jambo linaloonekana ndani ya mchezo lilipewa uzito mkubwa, na uvumi usio na chanzo haukupewa uzito wowote.

Daraja hizo hazikubaki zilivyo. Mwaka 2011 watungaji walieleza kwamba mfululizo wa vitabu vilivyotumika katika mchezo wa mezani wa Warcraft haukuwa sehemu ya historia rasmi ya Azeroth. Kwa tangazo hilo, habari nyingi zilizokuwa zikinukuliwa kwa imani zilipoteza nguvu, na wahariri wa kamusi wakalazimika kuzitenga na kuziwekea alama. Hayakuwa mambo ya ajabu. Katika utaalamu wowote, chanzo kikipoteza heshima yake, kila hitimisho lililojengwa juu yake halina budi kupimwa upya.

Kisa cha Sargeras

Yafaa sasa kulirudia swali la mwanzo. Katika kijitabu kilichoandamana na mchezo wa Warcraft III mwaka 2002, Sargeras alielezwa kuwa shujaa wa jamii ya Titan, viumbe wenye nguvu waliotengeneza sayari. Kazi yake ilikuwa kupigana na mapepo. Miongoni mwa mapepo hayo walikuwamo Eredar, na uovu wao ulichangia kumkatisha tamaa hata akageuka kuwa mwovu kuliko wote.

Mwaka 2005 kampuni ilitangaza toleo la nyongeza, The Burning Crusade, ambalo lilitoka Januari 2007. Katika toleo hilo Eredar walikuwa taifa lenye hekima katika sayari ya Argus. Sargeras, ambaye alikuwa amekwisha kupotoka, aliwaendea na kuwaahidi nguvu. Wakuu wawili walikubali, na wa tatu, jina lake Velen, alikataa na kukimbia pamoja na wafuasi wake. Basi chanzo na matokeo vilikuwa vimebadilishana mahali: aliyepotoshwa amekuwa mpotoshaji.

Wapenzi waliigundua kasoro hiyo mara moja. Wengine walijaribu kuyapatanisha masimulizi mawili kwa kudhani kwamba kulikuwa na makundi mawili ya Eredar, moja likiwa limepotoka mapema. Wengine walisema kwamba dhana hiyo imeongeza jambo ambalo hakuna chanzo kilicholitaja, na kwamba ni rahisi zaidi kukubali kuwa mtunzi amekosea. Mwaka 2006 mtunzi mkuu, Chris Metzen, alikiri hadharani kwamba alikuwa amesahau maneno aliyoyaandika mwenyewe katika kijitabu cha awali. Dhana rahisi ndiyo iliyoshinda.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 kilitoka kitabu cha kwanza cha mfululizo wa World of Warcraft: Chronicle, nacho kikatoa sababu ya tatu: Sargeras aligeuka alipotambua kwamba nguvu za giza zingeweza kuuteka ulimwengu wote. Wapenzi wengi wakadhani wamepata tarikh ya mwisho. Baadaye watungaji walieleza kwamba masimulizi ya vitabu hivyo yameelekea upande wa Titan. Hapo wasomaji walijifunza kuuliza swali jingine ambalo mwanahistoria hulijua sana: Ni nani anayesimulia, na ana maslahi gani katika habari hiyo?

Shahidi aliyewasahihisha watungaji

Mwezi Oktoba 2010, katika mkutano mkubwa wa wapenzi wa michezo ya kampuni hiyo uliofanyika Anaheim, California, kijana mmoja aliyevaa shati jekundu alisimama kuuliza swali. Katika toleo jipya lililokuwa likijaribiwa, koo tatu za watu wafupi waitwao Dwarf zilipaswa kutawala pamoja katika baraza moja. Kijana huyo aliuliza kwa nini Falstad wa ukoo wa Wildhammer hakupewa kiti. Jukwaani ilidhaniwa kwamba Falstad amekwisha kufa. Kijana akajibu kwamba yu hai: ametajwa katika riwaya Day of the Dragon ya mwaka 2001, na tangu mchezo ulipoanza amekuwa akionekana akiwaongoza watu wake.

Watungaji walikubali. Falstad alipewa kiti chake katika baraza, na karibu naye akawekwa mhusika mpya aliyevaa shati jekundu, ambaye cheo chake ni mhakiki wa habari za ukoo huo. Wengi walilichukua jambo hili kuwa mzaha tu, lakini lina fundisho. Hoja ilikubaliwa kwa nguvu ya ushahidi, na cheo cha msemaji hakikuangaliwa. Mwanafunzi anayeweza kumwonyesha mwalimu wake, kwa adabu, kwamba jibu lililo ubaoni haliafikiani na kipimo kilichochukuliwa maabarani, yumo katika njia hiyo hiyo.

Utafiti umeonyesha nini?

Wataalamu wa elimu nao wameichunguza mijadala ya wachezaji. Mwaka 2008 Constance Steinkuehler na Sean Duncan wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walichapisha utafiti juu ya World of Warcraft. Waliuchambua ujumbe 1,984 uliotoka katika mijadala 85 ya wachezaji. Asilimia 86 ya mazungumzo hayo yalihusu kujenga maarifa kwa pamoja. Porojo zilikuwa sehemu ndogo tu. Katika zaidi ya nusu, wachezaji walieleza jinsi sehemu za mfumo mmoja zinavyoathiriana. Katika takriban moja ya kumi walitumia vielelezo vya kufikirika, pengine pamoja na hesabu, ili kubashiri matokeo.

Matokeo hayo yapasa kusomwa kwa tahadhari. Mijadala iliyochunguzwa ilihusu zaidi uwezo wa aina moja ya wahusika kuliko visakale, na yote ilitoka katika mchezo mmoja. Tena utafiti huo haukusema kwamba mchezo humfanya mtu kuwa mwanasayansi. Yawezekana waliokuwa na tabia ya kuchunguza ndio hasa waliovutwa na mijadala. Lililo dhahiri ni kwamba tabia hiyo imo ndani ya vijana wengi, na hujitokeza pale wanapolipenda jambo.

Mpaka wa mfano huu

Hata hivyo iko tofauti moja ambayo mwanafunzi hana budi kuielewa. Ukweli wa Azeroth unategemea mtunzi. Akisema leo kwamba Falstad alikufa, basi Falstad amekufa. Mambo ya kale ya dunia hii hayapokei amri ya mtu. Tofauti hiyo huonekana wazi katika suala moja la historia ya kweli linalofanana na lile la Sargeras, yaani nasaba ya masultani wa Kilwa.

Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: hati ya Kiarabu, na muhtasari wa Kireno uliomo katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552. Orodha zao za masultani zinatofautiana. Wataalamu hawakuwa na mtunzi wa kumwuliza, kwa hiyo waliigeukia ardhi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alikadiria kwamba Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu, alitawala kuelekea mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000. Sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa pamoja na dinari za Wafatimiya za karne ya 11. Kadirio la awali likalazimika kurudishwa nyuma kwa zaidi ya karne moja.

Wataalamu wa Kilwa na wapenzi wa Azeroth wote walianza kwa kulinganisha masimulizi yanayopingana. Wapenzi walimaliza kwa tamko la mtunzi. Wataalamu wa Kilwa walimaliza kwa sarafu, na sarafu nyingine zikifukuliwa kesho, hitimisho laweza kubadilika tena.

Kupotea kwa kumbukumbu

Jambo moja, hata hivyo, linazikumba dunia zote mbili, nalo ni kupotea kwa ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 2010 toleo liitwalo Cataclysm liliibadilisha sura ya nchi za Azeroth. Vijiji viliharibiwa, na masimulizi mengi ya tangu mwaka 2004 yakaondolewa. Hadi Agosti 2019, kampuni ilipoufungua tena mchezo kwa sura yake ya kale, aliyetaka kujua yaliyokuwamo rasmi alitegemea maandishi na picha za wapenzi. Michezo mingine ilifungwa kabisa na wenyewe, kama Star Wars Galaxies mwezi Desemba 2011 na City of Heroes mwezi Novemba 2012. Ulimwengu uliokuwa na miji na wakazi ulizimwa kwa siku moja. Yaliyosalia yalisalia kwa sababu mtu aliandika alichokiona, na tarehe aliyokiona.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuitumia njia hii bila kompyuta. Kila kundi la wanafunzi na lichague jambo moja la mahali wanapoishi: asili ya jina la kijiji, mwaka kisima kilipochimbwa, au chanzo cha mti mkubwa kukatwa. Wakusanye masimulizi matatu kutoka kwa watu watatu. Kwa kila simulizi waandike msemaji alilijuaje jambo hilo, kama alikuwapo au alisikia kwa mwingine, na kama ana sababu ya kulielekeza upande fulani. Kisha watafute ushahidi usiozungumza: maandishi ya tarehe ukutani, barua, daftari la shule, kisiki chenyewe.

Mwisho, kila kundi liandike hitimisho lake, na chini yake liandike ni ushahidi gani ukipatikana utalifanya libadili mawazo. Kundi lisiloweza kuijaza sehemu hiyo ya mwisho lirudi kazini, kwa maana kazi yake haijakwisha.