Kiko cha udongo, mti, buyu au jiwe: kipi kinafaa?

Mzee wa Kyela akikuagiza kiko, usikimbilie kile kinachong'aa. Kiko ni kifaa kidogo, lakini kinabeba moto, kinapitisha moshi wenye unyevu, halafu kinashikwa kwa mkono mtupu. Yote hayo yanategemea bakuli lake, yaani ile sehemu inayotiwa tumbaku, limetengenezwa kwa kitu gani. Babu yangu kaniagiza kipya baada ya cha zamani kupasuka, na boom la mwanachuo mnalijua wenyewe: hukosei mara mbili. Basi ikabidi nipige hesabu.

Maswali ya kujiuliza ni matatu. Joto litafika vidoleni haraka kiasi gani? Unyevu wa moshi utakwenda wapi? Na je, bakuli lenyewe litaungua au litapasuka?

Tuanze na udongo, maana kwetu ndio uko karibu. Ukifika Matema, tembea kidogo kando ya ziwa mpaka Lyulilo siku ya gulio. Utakuta vyungu vya Wakisi vimepangwa mchangani, vingine vimeletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Akina mama wa Kikisi hufinyanga kwa mkono na kuchoma vyungu kwenye moto wa wazi. Udongo ukishapita nyuzi joto kama 600 hubadilika kabisa. Hata ukiuloweka haurudi kuwa tope. Ndiyo maana bakuli la udongo haliungui. Pia lina vitundu vidogo sana vinavyonyonya unyevu, kwa hiyo moshi unatoka mkavu. Ni kanuni ileile ya mtungi unaopoza maji: vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyofanya kazi.

Ubaya wake? Ukuta ukiwa mwembamba, joto linapenya haraka na unaunguza vidole. Halafu kikidondoka mara moja tu, basi. Wazee walitatua shida ya kwanza kwa kuweka mrija mrefu wa tete au mwanzi, ili mkono na mdomo vikae mbali na moto.

Mti ni kinyume chake. Haupitishi joto haraka, kwa hiyo unashikika vizuri, na ukianguka hauvunjiki. Lakini mti huanza kuungua kwenye nyuzi 300 hivi, na tumbaku inayowaka inapita hapo. Kinachouokoa ni masizi: kadiri kiko kinavyotumika, tabaka jembamba la kaboni hujijenga ndani na kuukinga. Kwa hiyo ukikipata kiko cha mti, usikikwangue mpaka kibaki cheupe ukidhani unakisafisha. Unakivua nguo. Viko vingi vya mti vinavyouzwa duniani vinachongwa kutoka kwenye nundu la shina la Erica arborea, kichaka cha nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Jamaa zake wanaota pia kwenye milima yetu mirefu, Kilimanjaro ikiwemo.

Buyu ni jepesi na halina gharama, lakini likiachwa peke yake huungua. Kazi yake nzuri ni kuwa chumba cha kupozea moshi, huku bakuli la udongo au la jiwe likikaa juu yake. Tatizo ni hali ya hewa ya Kyela. Mvua zetu zinapita milimita 2,000 kwa mwaka, na buyu lenye unyevu huota ukungu upesi. Lazima likaushwe kila mara.

Gunzi la mahindi nalo lisidharauliwe. Huko Marekani, mji wa Washington katika jimbo la Missouri umekuwa ukitengeneza viko vya magunzi tangu 1869. Gunzi hunyonya unyevu vizuri, ila huisha haraka. Ni kiko cha kutupa.

Sasa jiwe. Wengi hatujui kwamba Tanzania iliwahi kuuza nje viko vya kifahari. Huko Sinya, kaskazini karibu na Amboseli, kuna madini yanayoitwa sepiolaiti. Wajerumani wameyapa jina lenye maana ya "povu la bahari". Ni meupe, mepesi, yana vitundu kama udongo, na hayaungui. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum ya Arusha ilichonga viko vyake kwa madini hayo, vikiwa na alama ya tembo na neno letu lenyewe: Kiko. Kwa maswali yote matatu jiwe hili ndilo linaloongoza, ila bei yake si ya mwanachuo.

Bati na alumini achana nazo, vidole vitaungua. Plastiki ndiyo kabisa: ikipata moto inatoa moshi wenye sumu.

Lakini kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia. Kijiweni utasikia eti udongo "unachuja" tumbaku. Kiukweli, unachopunguza ni maji na ukali mdomoni. Nikotini na monoksidi ya kaboni vinapita kama kawaida, na saratani ya mdomo haijali bakuli ni la nini. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Hivyo hakuna kiko salama. Kuna kiko kisichounguza vidole tu.

Kwa sisi walimu watarajiwa, somo hili lina faida darasani bila kupeleka tumbaku shuleni. Chukua kikombe cha udongo, cha mti na cha bati, mimina maji ya moto sawasawa, waambie wanafunzi waguse nje kila baada ya nusu dakika. Hapo umefundisha upitishaji joto hata kama shule haina maabara.

Nami nimeamua: babu atapata cha udongo, chenye ukuta mnene na mrija mrefu. Ukienda kuchagua chako, kigonge kwa kucha usikilize. Kikilia wazi ni kizima. Kikitoa mlio uliofifia kina ufa, kirudishe. Na mzee wako akikuuliza kama kiko hiki ni salama zaidi kwa kifua chake, mwambie kwa heshima, lakini mwambie ukweli: hapana, shikamoo babu, bora kuacha.