Mwezi wa Jijini na Msukosuko wa Hewa

Swali linaloulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ni kama inafaa kuutazama na kuupiga picha mwezi kutoka jijini, ambako taa za barabara na za maghorofa zimekwisha kuzifuta nyota nyingi. Inafaa sana, na historia yenyewe ni shahidi, kwani John William Draper, profesa wa kemia, alipiga mojawapo ya picha za mwanzo kabisa za mwezi mwaka 1840 akiwa juu ya paa katika jiji la New York. Mwezi ni mwamba unaomulikwa na jua, na ijapokuwa hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea, mwanga huo huzishinda taa za jiji lolote. Doa jeupe linalotokea katika picha nyingi za simu husababishwa na kamera kupima giza la anga lote na kuongeza mwanga kupita kiasi, nalo huondoka mpigaji anapougusa mwezi kwenye kioo cha simu na kupunguza mwangaza.

Kinachoisumbua picha hasa ni msukosuko wa hewa, yaani kuchanganyika kusikokoma kwa mafungu ya hewa yenye joto tofauti. Mabati, zege na lami hufyonza joto la mchana kutwa na kulitoa baada ya maghribi, na kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, kila fungu hupinda mwanga kwa kiasi chake. Anayeuelewa msukosuko huu ni kama mtu aliyeinama ukingoni mwa ngalawa akitazama kombe lililo chini ya maji maangavu: upepo ukivuma, viwimbi hulirefusha kombe, hulikata vipande na kulisogeza huku na huku, ingawa lenyewe limetulia mchangani, lakini baina ya kiwimbi na kiwimbi maji hulainika kwa kitambo kidogo, na hapo mistari yote ya kombe huonekana. Mtazamaji mwenye busara hangoji bahari nzima itulie, bali hukodolea macho pale pale na kuvikusanya vitambo hivyo kimoja kimoja.

Ndivyo wafanyavyo wapiga picha za mwezi kwa mbinu inayoweza kuitwa uviziaji wa utulivu. Badala ya picha moja, hurekodi kupitia darubini video yenye maelfu ya fremu, kila moja ikidumu sehemu ndogo ya sekunde, kisha programu ya kompyuta huzipima zote, huteua chache zilizo kali na kuzipandanisha ziwe picha moja. Mwaka 1978 mwanafizikia David Fried alionyesha kwa hesabu kwamba uwezekano wa kupata fremu iliyotulia hupungua kwa kasi kadiri kipenyo cha darubini kinavyoongezeka, kwa sababu darubini pana huchungulia mafungu mengi ya hewa kwa wakati mmoja, na ni nadra yote kutulia pamoja. Hesabu hiyo inaipendelea darubini ndogo, ya sentimita 10 au 20, ambayo mkazi wa ghorofani anaweza kuiweka barazani.

Katika kuukabili msukosuko huo, Afrika Mashariki ina neema yake. Mwezi unapofika kilele cha njia yake juu ya Dar es Salaam au Nairobi, hauwi chini ya nyuzi 50 kutoka upeo wa macho, ilhali London kilele hicho huweza kuwa nyuzi 10 tu, ambapo mwanga hupenya hewa zaidi ya mara tano ya ile iliyopo utosini.

Wakati bora ni jioni za robo ya kwanza, mwezi unapokuwa juu sana jua likitua, na mahali bora ni penye nyasi au maji mbele badala ya mabati. Siku moja au mbili baada ya robo hiyo, jua huchomoza katika kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 hivi: ukingo wa mashariki hutupa kivuli cheusi sakafuni, vilele vya katikati hung'aa, na matuta ya ukuta wa magharibi yaliyoporomoka ngazi kwa ngazi huhesabika. Mwezi mpevu, pamoja na uzuri wake wote, huvifuta vivuli hivyo, kwa hiyo anayetaka kuijua sura halisi ya mwezi aanze kuutazama ungali nusu.