Sura ya 5: Saa za Barabara ya Mbeya

Mkazi wa Kibaha ana bahati ambayo mkazi wa Kariakoo hana: anapowasha gari alfajiri, Dar es Salaam imeshabaki nyuma yake. Hana foleni ya Ubungo wala ya Kimara. Akiingia barabarani pale Maili Moja na kuelekea magharibi, ana kilomita takribani 800 hadi Mbeya mjini, na jambo la kwanza kujiuliza, kabla ya mafuta na kabla ya nyumba ya wageni, ni hili: jua litazama akiwa wapi?

Wengi hawaanzi hapo. Wanachukua kilomita 800, wanagawanya kwa 100, wanapata saa nane, kisha wanawaambia ndugu zao wa Mbeya wawawekee chakula cha saa kumi jioni. Ndugu wa Mbeya, ambao wanaijua barabara, hawapiki mpaka usiku. Gawanya kwa 60. Kwa gari dogo lenye dereva mtulivu anayeheshimu alama, kilomita 60 kwa saa ndiyo hesabu ya kweli ya barabara hii, na hapo bado hujaweka muda wa kula, kujisaidia na kunyoosha miguu.

Kwa nini iwe 60 wakati lami ni nzuri na gari lina nguvu? Tazama kwa wenzetu. Marekani, barabara kuu namba 10 inakatiza jimbo la Texas kwa kilomita 1,400 hivi, na dereva anaweza kuzimaliza kwa saa 13 au zaidi kidogo. Saa hizo hizo, kwetu, ndizo anazotumia abiria wa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Tofauti haipo kwenye injini. Mtandao wa barabara hizo za Marekani, uliopitishwa kwa sheria ya mwaka 1956, Eisenhower akiwa rais, ulijengwa ili watu wasikutane na magari: hakuna anayevuka kwa miguu, hakuna genge pembeni, na njia zinazokutana hupishana juu na chini. Barabara yetu kuu ni barabara kuu na wakati huohuo ni mtaa wa kila kijiji inachopita. Mwanafunzi anaivuka kwenda shule Mlandizi, bodaboda anaingia kutoka uchochoroni Chalinze, mama amepanga nyanya zake hatua chache kutoka kwenye lami. Wana haki ya kuwepo. Dereva aliyepanga safari kwa saa nane amejipangia kuwapita watu hao kwa kasi ambayo hawawezi kuikwepa.

Ndiyo maana kuna alama ya 50. Inaanza nyumba zinapoanza, na haifutwi nyumba zinapopungua. Inafutwa na alama nyingine yenye 50 iliyokatwa mistari. Madereva wengi wanakanyaga mafuta wakishaona shamba la kwanza, na hapo ndipo askari wa usalama barabarani anaposimama na tochi yake ya kupima kasi. Hesabu makazi yaliyopo kati ya Kongowe ya Kibaha na Chalinze peke yake, utaelewa kwa nini kipande hicho kinakula muda hata asubuhi ambayo barabara iko wazi.

Halafu kuna malori. Barabara hii imekuwa ya mizigo tangu enzi. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa njia yake ya kusini, na mafuta pamoja na shaba yake vikaanza kupita Tanzania kwa malori, kwenye vumbi na tope. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola mwaka 1968, lami ikafuata kwa vipande hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, inayopita katika wilaya ya Kisarawe, ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Reli na bomba havikuyaondoa malori. Leo yanakwenda Tunduma na kuvuka hadi Lubumbashi, na hapahapa Kibaha mengine yanaingia na kutoka bandari kavu ya Kwala. Upande wa Dar es Salaam, njia nane za Kimara hadi Kibaha zimeleta nafuu kubwa. Lakini ukiiacha Kibaha, njia inabaki moja ya kwenda na moja ya kurudi, na foleni ya malori karibu na mizani ya Vigwaza inaweza kula nusu saa yako kabla jua halijachomoza.

Mtu wa Kisarawe ana uamuzi mmoja zaidi. Kama yuko Kisarawe mjini, anaweza kushuka Pugu na kupita Kifuru kutokea Mbezi, ambako atakutana na watu wote wa Dar es Salaam wanaotoka, kwa hiyo aondoke mapema zaidi ya mwenzake wa Kibaha. Kama anaishi Maneromango au Mzenga, njia ya kutokea Mlandizi inamfikisha barabara kuu bila kuigusa Dar es Salaam. Kiangazi naipendekeza bila wasiwasi. Masika, Machi hadi Mei, aulize kwanza watu waliopita jana yake, kwa sababu udongo ule ukilowa hauchagui gari. Na kama mwisho wa safari yake ni Morogoro au Dodoma, namshauri kwa moyo wote aliache gari nyumbani: treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inasimama Pugu, na hakuna dereva anayeweza kuifikia kwa muda wala kwa usalama.

Sasa tupange ya Mbeya. Unatoka Maili Moja saa 11 alfajiri. Chalinze unafika baada ya saa 12 kidogo, kumepambazuka. Morogoro, kilomita 85 mbele, unaingia kama saa 1:35. Chai na chapati, dakika 35. Kutoka hapo hadi Mikumi mjini ni kilomita 120, unafika saa 4 na dakika chache. Pumzika kidogo. Mikumi hadi Iringa ni kama kilomita 190, lakini katikati yake kuna Kitonga, kwa hiyo weka saa tatu na nusu: Iringa saa 8 mchana. Ukila na kuondoka saa 8:45, Mafinga ni saa 10, Makambako saa 11:30. Bado una kilomita 170. Mbeya jua huzama takribani dakika 20 baada ya kuzama Kibaha, kwa kuwa uko magharibi zaidi, lakini dakika hizo hazitoshi. Giza litakukuta maeneo ya Igawa au Chimala, umechoka, na mbele yako una saa mbili za malori na pikipiki zisizo na taa.

Kwa hiyo safari hii ipange kwa kurudi nyuma. Amua kwanza kwamba saa 11 jioni gari limezimwa na umekaa kitini. Kutoka hapo hesabu kuelekea asubuhi. Kwa dereva mmoja, jibu ni kulala Iringa au Mafinga, kisha kesho yake kufika Mbeya kabla ya chakula cha mchana, ukiwa na macho yanayoona. Mabasi yanaunganisha siku nzima kwa sababu safari zinazozidi saa nane zinatakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana. Wewe una mmoja, na shemeji aliyekaa mbele akisema hana usingizi bado hajawa dereva wa pili kama hana leseni.

Vipande viwili vya njia hii vinastahili kupangiwa saa maalumu. Cha kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara inaikatiza kwa kilomita 50 hivi. Twiga na swala wanavuka wakati wowote, tembo vilevile, na wanazidi asubuhi na jioni. Ratiba niliyoitoa inakupitisha pale kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, joto likianza, wanyama wengi wakitafuta kivuli. Fuata kasi iliyoandikwa, usishuke, usiwatupie nyani ganda la ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa barabarani hugongwa barabarani. Bango la faini kwa kila mnyama anayegongwa lipo pale uweze kulisoma, na hasara ya gari lililogonga nyati inaizidi faini.

Cha pili ni Kitonga. Ukishapita bonde la mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyoning'inizwa kwenye nyavu, mlima unakuja ghafla. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde ambalo abiria wengi hawapendi kulitazama. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, yamefuatana, na utingo wengine wanatembea kando wakiwa wameshika kigogo cha kuzuia tairi, tayari kukisukumia chini lori likirudi nyuma. Hapa ndipo utaona taa za indiketa zikiongea: lori la mbele likiwasha ya kushoto, dereva wake anakwambia njia ni nyeupe, akiwasha ya kulia, tulia. Ni wema wa kweli wa watu wa barabarani, nami nauheshimu, lakini usimkabidhi mtu mwingine macho yako. Yeye anakadiria urefu wa lori lake, hajui nguvu ya gari lako. Kama huoni kona inayofuata, baki nyuma yake. Kitonga kwa mwendo wa lori itakula muda, lakini sehemu ya muda huo umeshaiweka kwenye hesabu.

Siku ya kurudi utaushuka mlima huohuo, na huko ndiko kugumu zaidi. Teremka na gia ambayo ungepandia, ya pili au hata ya kwanza, injini ikushike. Anayeteremka kwa breki pekee atasikia kwanza harufu ya kuungua, kisha pedali itaanza kulainika chini ya mguu. Ukisikia harufu, tafuta mahali pa wazi usimame mpaka magurudumu yapoe, hata kama nyuma wanapiga honi.

Mafuta jaza Kibaha. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kawaida bei hupanda kadiri unavyokwenda mbali na bandari. Lita ya Mbeya inagharimu zaidi ya lita ya Kibaha. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka lita 80 kwenda tu, kwa hiyo utajaza tena njiani, na Iringa panafaa. Upepo wa matairi upimwe alfajiri kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, na la akiba lisisahaulike. Leseni, bima, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto: hivyo unavijua. Weka na sweta. Kibaha ni joto, lakini Mafinga na Makambako mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kutetemesha mtoto aliyevaa fulana.

Msimu nao una nafasi yake. Machi 2020 mvua ilikata barabara ya Morogoro hadi Dodoma pale Kiyegeya, Gairo, na magari yakakwama pande zote mbili. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Anayesafiri masika awe na siku moja ya ziada, fedha ya kulala mahali asipopapanga, na maji ya kunywa ndani ya gari. Akiwa na watoto, awe na chakula pia.

Likikukuta giza licha ya mipango, kuna alama moja unayopaswa kuitambua. Lori likiharibika, dereva hukata matawi na kuyapanga juu ya lami, hatua kadhaa mbali na lilipo, rundo moja baada ya jingine. Kwenye mwanga wa taa yanaonekana kama takataka zilizopeperushwa na upepo. Ukiona rundo la kwanza tu, ondoa mguu kwenye mafuta, kwa sababu mbele yako kuna trela tupu la chuma lisilo na taa, kwenye njia yako, na anayekuja upande wa pili atakuwa amekuwashia taa kali usoni. Na likiwa limeanguka lori la mafuta, usisogee karibu kwa sababu yoyote. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, lori la petroli lililopinduka lililipuka wakati watu wakichota, na waliopoteza maisha walipita mia moja.

Safari ya kurudi ina hesabu yake. Jumapili jioni kila mtu anarudi Dar es Salaam, na kipande cha Chalinze hadi Kibaha, chenye njia moja kila upande, ndicho kinachobeba wote. Anayetoka Mbeya Jumamosi asubuhi alale Iringa, Jumapili aishie Morogoro, kisha Jumatatu aondoke Msamvu saa 11 alfajiri. Kabla ya saa 2 asubuhi atakuwa Maili Moja, na wa Kisarawe aliyepitia Mlandizi atakuwa anaikaribia Mzenga.