Fahamu: Ulizoea Apache, ofisi mpya inatumia Nginx

Apache ilianza mwaka 1995, na mafundi wengi wa tovuti wamejifunzia kazi humo. Nginx ilitolewa mwaka 2004 na mhandisi wa Urusi, Igor Sysoev, ili kuhudumia maelfu ya watumiaji kwa pamoja bila kumaliza kumbukumbu ya kompyuta.

Kinachowasumbua wengi ni faili la .htaccess. Apache, ikiruhusiwa, hulisoma ndani ya folda kila ombi linapofika, hivyo badiliko huonekana papo hapo. Nginx hailitambui kabisa, wala haitoi onyo. Hamisha tovuti ya WordPress bila kuandika upya kanuni zake: ukurasa wa mwanzo utafunguka vizuri, kurasa za ndani zitaleta 404. Hilo angalau linaonekana. Baya zaidi, kwa maoni yangu, ni folda uliyoifunga kwa nenosiri kupitia faili hilo. Kwenye Nginx iko wazi, na hakuna atakayekuambia.

Mipangilio kwa kawaida huwekwa /etc/nginx. Ukishaibadilisha, andika kwanza nginx -t. Itakutajia faili na mstari wenye kosa. Usiipakie upya seva inayohudumia wateja kabla ya kufanya hivyo.