Treni Mbili Katika Njia Moja

Ndugu msomaji, iwapo unakaa Yakobi, Njombe mjini au Makambako, bila shaka waijua reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa njia moja. Treni mbili zikielekeana, hapana budi moja iingie katika njia ya kando stesheni na kungoja, ndipo nyingine ipite. Isipongoja, ni msiba.

Kanuni hiyo waweza kumfundisha mwanao mezani, kwa reli ndogo ya kuchezea. Katika reli ya namna hiyo injini haibebi betri. Hupata umeme, kwa kawaida wa volti 12, kutoka katika reli zote mbili kwa njia ya magurudumu yake ya chuma. Taabu huanza mtoto apatapo injini ya pili. Ukiwasha, zote huondoka. Ukizima, zote husimama. Mafahali wawili, wasema wazee, hawakai zizi moja.

Dawa yake ni kutenga kipande cha reli. Katika njia ya kando, kata reli moja tu kati ya zile mbili, mwanzoni na mwishoni mwa kipande unachokitaka. Ya pili iache nzima. Katika kila mwanya tia kijipande cha plastiki, ili joto lisije likazikutanisha tena ncha za chuma. Kisha unga waya kutoka reli yenye umeme hadi kwenye kipande ulichokitenga, na katikati ya waya huo weka swichi. Swichi ikizimwa, injini iliyomo husimama, na mwenziwe hupita katika njia kuu.

Kipande hicho na kiwe kirefu kuliko injini zako zote. Injini ikisimama juu ya mwanya, gurudumu moja huku na jingine kule, umeme huvuka kwa kuipitia yenyewe, nayo huenda ikaondoka bila kutarajiwa.

Jambo moja ni mwiko: usiunge kamwe reli hizo moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230. Huo huua. Tumia transfoma ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya vichezeo hivyo, isiyo na ufa wala waya uliochubuka.

Wala usidhani kwamba huu ni mchezo mtupu. Treni za umeme zilizoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 hutumia waya wa juu wenye volti 25,000. Katika reli za aina hiyo waya hugawanywa vipande vilivyotengwa, ili mafundi wazime sehemu moja na kuitengeneza, ilhali nyingine zaendelea na kazi.

Basi, ndugu mzazi, mwache mwanao aishike swichi mwenyewe. Kabla hajaiwasha, mwulize swali moja tu: je, njia i tupu?