Kiinimacho cha sarafu: kwa nini mtu atumie miaka mingi kujifunza kuficha pesa ya chuma mkononi?

Pesa ya chuma iko katika mkono wa kuume. Inapitishwa katika mkono wa kushoto, vidole vinafungwa, mtu anapuliza, vidole vinafunguka: hakuna kitu. Mchezo huo, ambao kwa Kiswahili unaitwa kiinimacho au mazingaombwe, unachukua sekunde chache tu. Lakini kuufanya bila kukamatwa kunaomba miezi ya mazoezi, na kuna watu waliomaliza maisha yao yote wakiutengeneza. Kwa faida gani? Yule anayetazama anapata nini, na yule anayeficha pesa anatafuta nini?

Hapa kwetu mashariki mwa RDC, swali hilo lina uzito wa pekee. Mtu anayepoteza kitu mbele ya macho ya watu anaweza kupigiwa makofi, lakini anaweza pia kuogopwa, na hata kuitwa mchawi. Kwa hiyo ni vizuri kujua wenye kazi hiyo walijibu namna gani, na ni wapi mchezo huo uliacha kuwa mchezo.

Mtu wa telegrafu aliyeitwa Mfalme wa Sarafu

Thomas Nelson Downs alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Alikuwa mfanyakazi wa telegrafu wa reli. Kazi hiyo ilikuwa na saa ndefu za kungojea habari zifike, na katika saa hizo Downs alichezea sarafu katika vidole vyake. Hakuna mtu aliyemlipa kwa hilo. Alirudia mwendo uleule mara nyingi, mpaka sarafu ikakaa mkononi kana kwamba ni sehemu ya mwili.

Karibu na mwisho wa karne ya 19, Downs aliacha reli akaenda kucheza katika majumba ya michezo. Mwaka 1899 alikuwa London, katika Palace Theatre, na mwaka 1900 kilitoka kitabu chenye jina lake juu ya ufundi wa sarafu. Watu walimwita Mfalme wa Sarafu. Namna moja ya kuficha sarafu, ambapo inabanwa kwa kingo zake pale kidole gumba kinapokutana na kidole cha shahada, inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Mchezo uliompa sifa zaidi aliupa jina la Ndoto ya Bahili. Mtu anasimama na kofia tupu. Ananyosha mkono hewani, anatoa sarafu, anaitupa ndani ya kofia. Anatoa nyingine, na nyingine tena. Anazitoa nyuma ya goti, penye kiwiko, hewani juu ya kichwa chake.

Kwa nini mchezo huo ulipendwa hivyo? Jibu linaweza kuonekana katika jina lenyewe. Waliokuwa wakitazama walikuwa wafanyakazi na wenye maduka madogo, watu wanaohesabu mshahara kabla ya mwezi kuisha. Kila mmoja amewahi kutamani pesa itoke hewani. Downs hakuwaonyesha vidole vya haraka tu, aliwaonyesha tamaa yao wenyewe, wakaicheka.

Hapo kuna jibu la kwanza. Sarafu ikipotea bila neno lolote, mtazamaji anabaki na fumbo: imeenda wapi? Ikiwa sarafu hiyo inasimama mahali pa kitu ambacho watu wanakijua, kama mshahara usiokaa mfukoni au deni linalorudi kila mara, mtazamaji anabaki na jambo la kuwaza hata akijua kwamba amedanganywa.

Kila mwendo wa mkono uwe na sababu

Wenye kufundisha kazi hii wanazungumzia sababu kwa maana nyingine pia, ile ya mikono. Ukipitisha sarafu toka mkono wa kuume kwenda wa kushoto bila sababu yoyote, jicho la mtazamaji linashituka. Kwa nini ameipitisha? Hapo tayari anashuku. Lakini ukiipitisha kwa kuwa mkono wa kuume unataka kuchukua kalamu mfukoni, mwendo una sababu, na jicho halina la kuuliza. Na kule mfukoni, sarafu ambayo haikutoka kamwe katika mkono wa kuume inapata nafasi ya kuachwa.

John Ramsay, aliyezaliwa mwaka 1877 na kufa mwaka 1962, alikuwa na duka la vyakula katika mji wa Ayr, Scotland. Mwenye duka huyo aliheshimiwa na wachezaji wakubwa wa wakati wake. Fundisho lake lilikuwa rahisi: ukitaka watu watazame kitu, kitazame wewe mwenyewe. Ukitaka wakutazame wewe, watazame wao. Mchezaji anayetazama mkono wake mtupu kwa imani, kana kwamba sarafu iko humo, anawapeleka wote huko. Kwa hiyo siri si wepesi wa vidole peke yake. Anayecheza anapaswa kwanza kuamini kile anachotaka wengine waamini.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, tatizo la kwanza hapa nchini ni sarafu yenyewe. Tangu franka ya Kongo ilipoanza kutumika mwaka 1998, pesa za sokoni ni za karatasi. Mtu atapata sarafu za Rwanda au Uganda kwa wanaovuka mpaka, au atamwomba babu aliyehifadhi likuta ya mwaka 1967. Yoyote inatosha, mradi iwe pana kiasi cha kukaa kiganjani. Inabanwa polepole kati ya nyama ya chini ya kidole gumba na upande wa pili wa kiganja, vidole vikiwa vimelegea. Mwanzoni inaanguka kila mara. Wanaojifunza wanashauriwa kukaa nayo hivyo wakitembea au wakifungua mlango, mpaka mkono usionekane tena kwamba unaficha kitu.

Algeria mwaka 1856: mchezo unageuka silaha

Historia ya kazi hii ina upande ambao Waafrika hawapaswi kuusahau. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa Blois mwaka 1805, alikuwa fundi wa saa kabla ya kufungua jumba lake la mazingaombwe mjini Paris mwaka 1845. Wengi wanamwita baba wa mazingaombwe ya kisasa. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba mfanya mazingaombwe ni mwigizaji tu, anayecheza nafasi ya mtu mwenye nguvu za ajabu.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria. Nchi hiyo ilikuwa chini ya ukoloni, na wakubwa wa jeshi waliogopa ushawishi wa marabuti, viongozi wa dini ambao watu waliamini kwamba wana miujiza. Robert-Houdin alipaswa kuonyesha kwamba Mfaransa ana miujiza mikubwa zaidi. Kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alileta sanduku dogo ambalo hata mtoto angelibeba. Alimwita mtu mwenye nguvu alinyanyue. Mara ya kwanza lilinyanyuka. Mara ya pili mtu huyo alivuta kwa nguvu zake zote, sanduku halikutoka chini. Kisha akapigwa na umeme katika mikono, akakimbia. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme, kitu ambacho watu wengi waliokuwa ukumbini hawakuwahi kukisikia.

Robert-Houdin aliandika kwamba baadaye wakalimani waliagizwa kueleza kwamba yote yalikuwa ufundi, si uchawi. Lakini maelezo hayo yalikuja baada ya hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kusudi la safari. Ufundi ulikuwa uleule wa Paris. Kule Paris watu walinunua tiketi wakijua wanakwenda kudanganywa kwa furaha. Algiers walialikwa na wale waliokuwa wakiwatawala, ili waone kwamba hawawezi kuwashinda.

Pesa ya hewani iliyokula ya watu

Sisi wenyewe tunajua upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 1991, wakati wa Zaire, watu wengi walipoteza akiba yao katika mchezo wa Bindo. Waliweka pesa kwa ahadi ya kupata faida kubwa katika muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma, mpaka siku ambayo hakukuwa tena na kitu cha kulipa. Hadi leo kuna wanaoahidi kuzidisha noti kwa dawa, kwa maombi au kwa simu. Anayebadilisha bahasha mbele ya macho yako anatumia ufundi wa vidole kama ule wa Downs.

Tofauti haiko katika mkono. Downs alipomaliza mchezo wake, kila mtu alirudi nyumbani na pesa zilizobaki mfukoni mwake, na alijua kwamba hakuna sarafu iliyozaliwa hewani. Tapeli anataka uamini hata baada ya kufika nyumbani.

Mmarekani Eugene Burger, aliyekufa mwaka 2017, alisumbuliwa sana na maswali ya namna hii. Alisoma teolojia katika chuo kikuu cha Yale kabla ya kufanya mazingaombwe kuwa kazi yake, na alijulikana sana mjini Chicago, ambako alicheza karibu kabisa na watu, mezani. Mwaka 1995, yeye na Robert Neale walitoa kitabu kizima juu ya mazingaombwe na maana yake. Aliwaomba wenzake wajiulize wanataka mtazamaji abaki na nini: je, ajisikie mjinga, au akumbuke namna alivyoshangaa alipokuwa mtoto? Swali hilo linafaa pia kwa kijana wa Goma, Bukavu au Bunia anayejifunza mbele ya kioo. Kama anataka tu kuonyesha kwamba yeye ni mjanja kuliko wengine, watu watamchoka upesi.

Mkono dhaifu unaojifunza tena

Kuna waliopata jibu jingine hospitalini. Mwaka 1982, David Copperfield, mfanya mazingaombwe maarufu wa Marekani, alianzisha mpango unaoitwa Project Magic, ambapo wagonjwa wanaojifunza upya kutumia mikono yao wanafundishwa michezo midogo ya mazingaombwe. Uingereza kuna mpango wa Breathe Magic, kwa watoto wenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Wanafundishwa michezo inayoomba mikono yote miwili ifanye kazi pamoja.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kwa daktari wa viungo. Mtoto anachoka upesi kufungua na kufunga vidole bila kusudi. Lakini akiambiwa kwamba mwendo uleule utamwezesha kumshangaza baba yake, ataurudia siku nzima bila kusukumwa. Na siku ile anapocheza, kwa mara moja yeye ndiye anayejua kitu ambacho wenye mikono mizima hawakijui. Sarafu chache na kamba hazigharimu sana, hata katika vituo vyetu vya afya.

Mtoto asiitwe mchawi

Linabaki jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 2021, wanawake wazee waliuawa katika jimbo la Kivu Kusini baada ya kuitwa wachawi. Watoto pia wanafukuzwa nyumbani kwa madai hayo. Katika mazingira hayo, kijana anayepoteza sarafu uwanjani bila kusema kitu anaweza kujiletea hatari, au kumletea hatari mdogo wake anayemwiga.

Kwa hiyo makubaliano yatangulie mchezo. Anayecheza aseme wazi: huu ni ufundi wa mikono, nilijifunza, hata wewe unaweza kujifunza. Wengi katika kazi hii wanashika desturi ya kutotoa siri. Lakini mahali ambapo watu wanauawa kwa sababu ya uchawi, kuna faida kubwa kufundisha watoto mchezo mmoja mpaka mwisho, waone sarafu ilikuwa wapi. Mtoto aliyeficha sarafu kwa mkono wake mwenyewe hatadanganywa kwa urahisi na mtu anayetoa misumari au nywele katika tumbo la mgonjwa na kutaja jina la jirani.

Tukumbuke kwamba Katiba ya RDC ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya franka za Kongo 200.000 hadi 1.000.000 kwa anayefanya hivyo.