MAELEZO KWA WANANCHI: UCHAGUZI WA WAYA WA SIRIALI WA KUHUISHIA KING'AMUZI CHA DISHI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa visiwani wenye ving'amuzi vya dishi, pamoja na ndugu zao waishio Kinondoni na Temeke, wanapewa maelezo haya ili wasipoteze chombo chao kwa sababu ya waya usiofaa.

Tangu tarehe 31 Disemba, 2012, yalipozimwa matangazo ya analogi jijini Dar es Salaam, televisheni ya zamani iliyopo Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta haipati picha bila ya king'amuzi au dishi. Ndani ya kila king'amuzi imo programu inayokiendesha, na mara kwa mara mtengenezaji hutoa programu mpya. Ni vyema ikaeleweka kwamba wakati wa kuhuisha, programu ya zamani hufutwa kwanza ndipo mpya ikaandikwa. Mawasiliano yakikatika katikati, king'amuzi huweza kubaki bila ya programu yoyote na kushindwa kuwaka.

Si kila king'amuzi huhitaji waya. Ving'amuzi vya kulipia, kama vile vya Azam na DStv, hupokea programu mpya kutoka kwenye setilaiti yenyewe. Vingi vya matangazo ya bure vyenye tundu la USB huhuishwa kwa flashi. Tundu hilo lisiunganishwe na tundu la USB la kompyuta kwa waya wenye vichwa sawa pande zote mbili, kwani pande zote mbili hutoa umeme wa volti 5 na huweza kudhuriana. Maelezo yanayofuata yanahusu ving'amuzi vyenye tundu la siriali la pini 9, lililoandikwa RS-232 nyuma ya chombo.

Mfumo wa RS-232 ulianza Marekani mwaka 1960. Katika pini 9 hizo, kazi ya kuhuisha huhitaji tatu tu: pini ya 2, ya 3 na ya 5. Kwa upande wa kompyuta, pini ya 3 hutuma, pini ya 2 hupokea, na pini ya 5 ni ya ardhi. Anayetuma sharti akutane na anayepokea. Wawili wakituma katika njia moja hakuna atakayesikia. Kwa hivyo zipo nyaya za aina mbili:

(a) Waya wa moja kwa moja, ambao pini ya 2 huenda kwenye ya 2, na ya 3 kwenye ya 3.

(b) Waya wa kupishana, uitwao madukani nal modemu, ambao pini ya 2 huenda kwenye ya 3, na ya 3 kwenye ya 2.

Nyaya hizi mbili hufanana kwa umbo, na kuingia vizuri kwenye tundu si dalili ya kufaa. Muuzaji wa Kariakoo hawezi kulaumiwa ikiwa mnunuzi mwenyewe hakujua anachokitafuta. Kwanza na asome kitabu cha king'amuzi. Kikikosekana, atumie mita ya umeme kwa utaratibu huu:

1. King'amuzi kiwashwe bila ya kuunganishwa na kompyuta, na mita iwekwe kwenye volti za umeme wa betri.

2. Ncha nyeusi iguse pini ya 5. Ncha nyekundu iguse pini ya 2, kisha ya 3, bila ya kugusisha pini mbili kwa pamoja. Namba za pini huandikwa kwa maandishi madogo juu ya plastiki.

3. Pini itakayoonyesha volti za hasi, kwa kawaida baina ya 5 na 12, ndiyo inayotuma. Ikiwa ni ya 3, king'amuzi kimefungwa kama kompyuta na kinataka waya wa kupishana. Ikiwa ni ya 2, kinataka waya wa moja kwa moja.

4. Ikiwa hapana volti za hasi, na pini moja inaonyesha volti 3 au 5 za chanya, basi chombo hicho hakitumii volti za RS-232. Kisiunganishwe moja kwa moja na tundu la siriali la kompyuta, kwani volti zake huweza kukiunguza. Hapo hutakiwa adapta maalumu yenye volti sawa na za king'amuzi.

Waya nao upimwe kabla ya kulipiwa. Mita ikilia baina ya pini ya 2 ya upande mmoja na ya 2 ya upande wa pili, huo ni wa moja kwa moja. Ikilia baina ya ya 2 na ya 3, huo ni wa kupishana.

Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la pini 9, hivyo huhitaji adapta ya USB. Adapta ya kweli ina chipu ndani yake na huhitaji programu yake katika kompyuta. Waya mtupu uliofungwa kichwa cha USB upande mmoja na pini 9 upande wa pili haufanyi kazi hiyo.

Waya uunganishwe vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Programu itumike iliyotolewa na mtengenezaji kwa modeli hiyo hiyo. Betri ya kompyuta ya mkononi haikilindi king'amuzi umeme unapokatika. Kwa hivyo kazi hii isifanywe siku ambayo umeme unakatika ovyo, ila kwa mwenye UPS.

Asiyekuwa na mita anashauriwa kumpelekea fundi, na kabla ya kumkabidhi chombo amuulize mambo mawili: pini ipi inatuma, na kwa volti ngapi. Fundi asiyekuwa na majibu hayo bado hajawa tayari kuunganisha waya.